Pleya ya AT-LP120XUSB na amplifaya tatu nyumbani kwangu Tabora

Boksi lilipoteremshwa stendi ya Tabora, kondakta wa basi aliliita jiko la gesi, nami sikumsahihisha, kwa sababu mzigo unaodhaniwa kuwa jiko hubebwa kwa adabu kuliko mzigo unaojulikana kuwa redio. Ndani yake kulikuwa na pleya ya santuri ya Audio-Technica, aina ya AT-LP120XUSB, ambayo kwa bei ya dukani pamoja na nauli na ushuru ilinigharimu fedha ambazo mnadani zingenipatia ng'ombe wawili wa wastani. Nimeitumia kwa miezi minane sasa, nikiiunganisha kwa zamu na amplifaya tatu zilizo tofauti kabisa, na tathmini hii inahusu zaidi maunganisho hayo kuliko pleya yenyewe. Pleya ile ile na santuri ile ile zilinipa muziki wa kukera siku moja na muziki wa kumfanya mtu asahau chai yake siku nyingine, na kilicholeta tofauti hakikuwa bei ya amplifaya wala wingi wa wati zake, bali tundu ambalo sauti iliingilia.

Marehemu baba yangu alikuwa mtumishi wa reli, akihamishwa mara Tabora mara Kigoma, na aliniachia kreti mbili za soda zilizojaa santuri. Nyingi ni zile ndogo za kasi ya 45: Tabora Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, pamoja na za Kongo za kina Franco na Tabu Ley, alizozinunua Kigoma, ambako muziki wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika haukuwahi kuwa mgeni. Santuri za bendi zetu zilifyatuliwa Nairobi, na jambo hilo linaonekana wazi ukipekua kreti za baba: mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, na baada ya mwaka huo karibu hakuna kitu kipya alichoongeza. Zipo pia santuri tatu nzito za kasi ya 78, mali ya babu, ambazo zikianguka huvunjika kama kigae. Urithi huu ndio ulionichagulia pleya, kwa kuwa nilihitaji mashine yenye kasi zote tatu, 33⅓, 45 na 78, na yenye mkono ambao mtu anaweza kuurekebisha uzito mwenyewe.

Umbo la pleya hii limeigwa waziwazi kutoka Technics SL-1200, ile iliyotoka mwaka 1972 ikaishia kuwa mashine ya madijei. Sahani yake huzungushwa moja kwa moja na mota iliyo chini yake, bila mkanda wa mpira, na kwa mazingira yetu hiyo ni nafuu, maana mkanda ukilegea hapa Tabora huupati dukani. La muhimu zaidi ni kwamba haichukui umeme wa ukutani moja kwa moja. Ina adapta inayopokea kuanzia volti 100 hadi 240 na kutoa volti 12, kisha kasi ya mota inasimamiwa na saketi ya ndani. Waliokulia Kigoma wakati mji unategemea majenereta ya dizeli wataelewa kwa nini nalitaja hili. Pleya ya baba ilikuwa na mota iliyofuata mapigo ya umeme wenyewe, na jioni, jenereta lilipoelemewa, mwimbaji alilegea sauti kana kwamba amekunywa. Vivyo hivyo, anayetamani pleya kuukuu iliyotumika Marekani ajue kwamba kule umeme una mapigo 60 kwa sekunde na huku una 50. Transfoma itamshushia volti lakini mapigo haitayagusa, na pleya yenye mota ya namna hiyo itazunguka pungufu kwa moja ya sita, yaani santuri ya 33⅓ itakwenda kwa mizunguko kama 27.8 kwa dakika. Pleya hii mpya haina tatizo hilo hata kidogo. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alipoona adapta imeandikwa volti 12 alinishauri niiunganishe na betri ya sola. Nilimkatalia, kwa sababu betri ya aina hiyo ikiwa inachajiwa hupanda hadi kupita volti 14, nami sina ng'ombe wengine wa kuuza.

Kiini cha suala lote kimo katika kichwa cha sindano. Pleya hii huja na kichwa kinachoitwa AT-VM95E, ambacho ndani yake sumaku ndogo sana hutikiswa na sindano mbele ya koili za waya, na kutokana na mtikisiko huo hutoka umeme wa takriban milivolti 4. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, kwa hiyo umeme unaotoka kwenye santuri ni kama betri hiyo iliyogawanywa mara 375. Kiasi hicho hakiwezi kusukuma kitu chochote kwenye tundu la kawaida la amplifaya, lile lililoandikwa AUX au CD au DVD, ambalo limezoea kupokea mamia ya milivolti, na kutoka kwa mashine ya CD hupokea hata volti 2. Lakini udogo wa umeme ni nusu ya habari tu. Santuri haikuchongwa kwa sauti tuliyoizoea. Kama besi ingeachwa na nguvu zake zote wakati wa kuchonga, mifereji ingeyumba kwa upana mkubwa na kula nafasi, hivyo besi hupunguzwa. Na sauti nyembamba huongezwa nguvu ili wakati wa kucheza zishinde ule mkwaruzo wa sindano. Utaratibu unaofuatwa huitwa RIAA, nao umekuwa wa kawaida tangu mwaka 1954. Kwenye kingo zake mbili, chini kabisa na juu kabisa, mabadiliko hayo ni takriban mara kumi kila upande ukilinganisha na sauti ya katikati, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuyarudisha yalivyokuwa.

Huyo wa kukuza umeme na kurudisha besi mahali pake ni saketi moja, ambayo mafundi huiita priamplifaya ya santuri. Inaweza kuwa ndani ya amplifaya, nyuma ya tundu lililoandikwa PHONO. Inaweza kuwa kijisanduku kinachouzwa peke yake. Na inaweza kuwa ndani ya pleya, kama ilivyo kwenye hii yangu, ambayo nyuma ina swichi ndogo isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho: ukiisukuma upande wa PHONO, umeme hutoka mbichi, milivolti 4, ukiisukuma upande wa LINE, hutoka ukiwa umekwisha kupikwa, milivolti mia mbili na kitu. Kazi hiyo inatakiwa kufanyika mara moja, si sifuri na si mara mbili. Nimeyafanya makosa yote mawili, tena katika juma moja.

Amplifaya ya kwanza ni ile ambayo karibu kila nyumba yenye sherehe inayo: matundu mawili ya maikrofoni, Bluetooth, mahali pa kuchomeka flashi, na taa zinazocheza bila kualikwa. Haina tundu la PHONO. Nilipoiunganisha mara ya kwanza swichi ya pleya ikiwa upande wa mbichi, nilisikia muziki kwa mbali sana, kama wa jirani wa nyumba ya tatu, nikamwita fundi wa redio anayenitengenezea vitu tangu akiwa mwanafunzi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, kijana wangu. Hebu sikiliza hii."

Alisikiliza, akazunguka nyuma, akatikisa kichwa. "Sindano yako inatoa sauti ndogo, baba. Tuihamishie kwenye maiki. Maiki ndiyo yenye nguvu."

Kwa mantiki ya umeme peke yake hakukosea, maana tundu la maikrofoni nalo limetengenezwa kwa milivolti chache. Sauti ilipanda kweli. Ila haikuwa na besi hata chembe, matoazi yalichoma masikio, na kwa kuwa amplifaya hiyo ina mwangwi kwa ajili ya waimbaji, Tabora Jazz wakasikika kama wanahubiri ndani ya simtanki. Maikrofoni haihitaji kurudishiwa besi, kwa hiyo tundu lake halina saketi ya kufanya hivyo. Linakuza kila kitu kwa usawa, likiwemo lile kosa la makusudi lililochongwa kwenye santuri. Nilipomweleza fundi, alinitazama kwa heshima na mashaka kwa pamoja, kisha akakubali tujaribu swichi ya LINE na tundu la AUX. Muziki ukasimama wima. Besi ikarudi, sauti ya mwimbaji ikapata kifua, na fundi akaomba kurudia wimbo.

Kwa amplifaya za namna hii, hiyo ndiyo njia pekee ninayoipendekeza, nayo ina kasoro moja ya kuzoea. Umeme wa upande wa LINE wa pleya hii ni mdogo kuliko ule wa vyanzo vingine, kwa hiyo nobu ya sauti lazima izungushwe mbali zaidi kuliko ulivyozoea. Siku moja niliiacha hapo juu, mjukuu wangu akabonyeza Bluetooth, na simu yake ikafyatua tangazo kwa nguvu iliyowainua kuku wa jirani. Spika moja ilikwaruza kwa siku mbili baada ya hapo, kisha ikanyamaza moja kwa moja. Tangu hapo nashusha sauti hadi sifuri kabla ya kubadili chochote.

Mashine ya pili ni sabufa, yaani sanduku la besi lenye amplifaya ndani yake na spika ndogo mbili pembeni. Kwenye boksi lake pameandikwa maelfu ya wati, lakini kando ya namba hiyo pana herufi PMPO, ambazo kwa uzoefu wangu maana yake ni kwamba aliyeandika alikuwa na kalamu na hakuwa na mita. Nayo pia haina PHONO, kwa hiyo swichi ikabaki LINE na waya zikaingia AUX. Tatizo lililojitokeza halikuwa la umeme. Nilikuwa nimeiweka pleya juu ya shokesi ileile iliyobeba sabufa, na nilipoongeza sauti kidogo kupita ya mazungumzo, nyumba ikaanza kunguruma kwa mngurumo uliojilisha wenyewe na kukua hadi nikakimbilia kuinua mkono wa pleya. Besi inatikisa mbao, mbao zinatikisa pleya, sindano inausoma mtikisiko huo kana kwamba umo kwenye santuri, amplifaya inaukuza, besi inatikisa mbao tena.

Dawa yake ni kutenganisha. Pleya niliihamishia kwenye meza fupi ya mninga, nzito, iliyosimama kwenye sakafu ya saruji pembeni mwa ukuta, na sabufa ikabaki upande wa pili wa chumba. Kipimo changu ni rahisi: weka sindano juu ya santuri iliyosimama, bila mota kuzunguka, pandisha sauti kidogo, kisha gonga meza kwa kidole. Kwenye shokesi ulisikika mlio wa ngoma. Kwenye mninga ulisikika mguso mkavu, mdogo, uliokufa hapohapo. Baada ya hapo sabufa ilifanya kazi ya kuridhisha kwa mtu anayetaka kusikiliza akiwa anapika au anapokea wageni, ingawa besi yake ina noti moja inayoipenda na hujaribu kuirudia hata mpiga gitaa la besi anapokwenda kwingine. Kwa dansi la miaka ya sabini, ambalo gitaa la besi ndani yake huwa linasimulia kisa chake lenyewe, huo ni upungufu mkubwa.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Ni NAD 3020, amplifaya iliyotoka mwaka 1978, yenye wati 20 tu kwa kila upande, ambayo baba mdogo alirudi nayo kutoka masomoni Uingereza na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imebeba chungu cha maua. Kule aliponunulia umeme ulikuwa wa volti 240 na mapigo 50, kwa hiyo hapakuhitajika transfoma. Fundi wangu alibadilisha kapasita kadhaa, vile vipande vya saketi vinavyohifadhi umeme kidogo, zilizokuwa zimevimba, akasafisha nobu ya sauti iliyokuwa ikikwaruza, na akanirudishia akisema kwamba ndani yake kuna nafasi ya kuingiza mkono, jambo ambalo kwa fundi ni sifa kubwa. Nyuma ina matundu ya PHONO, na pembeni yake parafujo ya waya wa athi.

Kwa haraka niliyokuwa nayo, nilichomeka pleya kwenye PHONO bila kugusa swichi, ambayo ilikuwa bado LINE kutoka kwenye sabufa. Hili ndilo kosa la pili kati ya yale mawili, na ni baya kuliko la kwanza. Umeme uliokwisha kukuzwa uliingia kwenye tundu linalongoja milivolti chache. Ukakuzwa tena, besi ikaongezwa mara ya pili, na kilichotoka kilikuwa mpasuko mzito kama turubai linalochanwa. Nilizima kabla spika hazijadhurika. Nikasukuma swichi kwenda upande wa PHONO, nikarudisha sindano mwanzo wa wimbo, na hapo ndipo chai ilipopoa.

Nitaeleza kitu kimoja tu nilichokisikia, kwa sababu kusifu kwa jumla hakumsaidii mnunuzi. Katika santuri mojawapo ya Tabora Jazz, ambayo nimeisikiliza tangu nikiwa mtoto, kuna gitaa la pili linalojibu gitaa la solo. Kwenye amplifaya ya kwanza na kwenye sabufa, magitaa hayo mawili yalikuwa kitu kimoja kinene. Kwenye NAD niliweza kusikia ncha ya kucha, au ya pleki, ikigusa uzi kabla noti haijatoka, na nikatambua kwamba gitaa la pili halijibu, bali linatangulia kidogo, likimvuta mwenzake. Santuri yenyewe ni ya upande mmoja wa sauti, si stirio, na ina mikwaruzo ya miaka hamsini. Mikwaruzo hiyo haikupotea, ila ilikaa mbele ya muziki kama mvua ya manyunyu mbele ya nyumba, na muziki ukawa nyuma yake, mzima. Wati 20 zilitosha sebule ya mita nne kwa tano hadi mke wangu akauliza kama kuna mgeni.

Hata hivyo NAD ilinipa kazi mbili ambazo zile nyingine hazikunipa. Ya kwanza ilikuwa mvumo, ule wa mmmm usioisha, uliosikika kila wimbo ulipopumzika. Umeme mbichi wa milivolti 4 huokota kelele za umeme wa nyumba kwa urahisi mno. Pleya ina parafujo yake ya waya wa athi, na nilipounganisha waya mwembamba kutoka hapo hadi kwenye parafujo ya amplifaya, mvumo ulikatika kana kwamba mtu amefunga mlango. Wengi huutupa waya huo pamoja na mifuko ya boksi kwa kudhani ni wa ziada.

Kazi ya pili ilinichukua wiki tatu kuitambua. Kwa kuwa meza ya mninga iko mbali na kabati la amplifaya, nilitoa waya uliokuja na pleya nikaweka wa mita tatu niliounganishiwa sokoni, na tangu hapo kila herufi S ya mwimbaji ikawa na miiba. Nililaumu santuri, kisha sindano, kisha masikio yangu, ambayo si ya jana. Chanzo kilikuwa waya. Waya wa aina hiyo wenyewe ni kapasita, kwa kawaida kama pikofaradi 100 (kipimo cha kapasita) kwa kila mita, na kichwa cha AT-VM95E kinataka jumla ya pikofaradi kati ya 100 na 200, ikihesabiwa waya pamoja na zile zilizomo ndani ya tundu la amplifaya. Baadhi ya amplifaya za zamani hukaribia kiasi hicho peke yake, kabla hujaongeza waya. Zikizidi, sauti nyembamba hunyanyuka pale penye herufi S kisha huanguka. Nilirudisha waya mfupi, nikaihamisha amplifaya badala ya pleya, na miiba ikapungua hadi kiwango ambacho naweza kuishi nacho. Kwenye LINE jambo hili halina uzito wowote, na mwenye chumba kinachomlazimu kutumia waya mrefu atapata nafuu kwa kutumia priamplifaya ya ndani ya pleya hata kama amplifaya yake ina PHONO.

Nimeyajaribu hayo pia kwa kulinganisha: NAD kupitia PHONO yake, na NAD kupitia AUX huku pleya ikiwa LINE. Ya pili ina pumzi ya kelele inayosikika kati ya nyimbo, na mwimbaji anasogea nyuma hatua moja. Si mbaya. Mtu asiyekuwa na ya kwanza ya kulinganisha nayo hatalalamika.

Kuhusu uzito wa sindano, AT-VM95E inataka gramu 2.0, na uzani wa nyuma ya mkono umechorwa namba ambazo mtu anaweza kuzifuata. Mimi sikuziamini. Nilikwenda kwa sonara mmoja karibu na soko, nikamwomba aniazime mizani yake ndogo kwa saa moja.

"Gramu mbili za nini, mzee wangu? Za dhahabu?"

"Za muziki."

Alicheka, akanipa mizani pamoja na kijana wa kuilinda. Namba za mkono zilisema 2.0 na mizani ikasema 2.3, tofauti ambayo si ya kuharibu santuri leo, lakini sindano nzito kupita kiasi na sindano nyepesi kupita kiasi zote hula mifereji, tena ile nyepesi huruka na kutua vibaya. Nilirekebisha, nikamrudishia mizani na kijana wake.

Yasiyonifurahisha ni machache. Pleya hii haijisimamishi yenyewe: santuri ikiisha na wewe umesinzia, sindano itaendelea kusugua mzunguko wa mwisho hadi alfajiri, na kwa umri wangu hilo si jambo la kubuni. Kifuniko chake ni chepesi na hukusanya vumbi la kiangazi cha Tabora kama kimeagizwa, hivyo kabla ya kila santuri nalazimika kusafisha sindano kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele. USB yake ya kuhamishia muziki kwenye kompyuta inafanya kazi, na sina zaidi la kusema juu yake.

Kwa anayemiliki sabufa tu na hana mpango wa kutafuta amplifaya, pleya hii ni fedha nyingi kwa faida ndogo. Ndugu yake mdogo, AT-LP60X, ana priamplifaya ndani, hujiendesha na kujizima mwenyewe, na atamfaa zaidi, mradi aelewe kwamba hana kasi ya 78 na uzito wa sindano haurekebishwi. Zile pleya za sanduku la begi, nzuri kwa macho, nilinunua moja miaka iliyopita katika duka ambalo halistahili kutajwa. Vichwa vyake kwa kawaida ni vya kauri, hutoa mamia ya milivolti na hukandamiza santuri kwa uzito mkubwa, wala hazipaswi kuchomekwa kwenye PHONO. Na mwenye PHONO ya kawaida asishawishiwe na vichwa vya koili inayotembea, ambavyo mafundi huviita MC: vingi hutoa kati ya milivolti 0.2 na 0.5, sehemu ya kumi ya hiki changu, na amplifaya isiyokuwa na mlango wake maalumu itabaki ikinong'ona. Anayetaka amplifaya mpya na si kuukuu kama yangu, asome nyuma ya mashine kabla ya kusoma mbele. Yamaha A-S201, kwa mfano, ina tundu la PHONO, wakati mashine nyingine za bei ya juu kuliko hiyo hazina.

Hivi sasa pleya iko PHONO, waya ni mfupi, athi imefungwa, na NAD imeondolewa chungu cha maua kwa kudumu. Zimebaki zile santuri tatu za babu. Mifereji yake ni mipana kuliko ya santuri za siku hizi, na sindano ya AT-VM95E hugusa chini ya mfereji badala ya kuta zake, hivyo kilichotoka nilipojaribu kilikuwa mkwaruzo mtupu wenye mtu anayeimba kwa mbali. Familia hiyo ya vichwa ina sindano nene ya kasi ya 78, inayochomekwa mahali pa hii bila kugusa kichwa chenyewe. Nimeagiza, na kondakta ameniahidi kunipigia simu boksi likifika.